Litowa, Kijiji Kilichojiamulia

Kila tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mgeni anayefika mjini hupelekwa kwanza kwenye makumbusho yao pale Mahenge. Ni haki yao. Lakini wilaya hii ina historia nyingine isiyosimuliwa vya kutosha. Ni ya Litowa, kijiji kilichoanzishwa porini na vijana wachache wa TANU kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa.

Jaribio la kwanza, mwaka 1960, lilishindwa kwa kukosa chakula. Mwaka uliofuata vijana walirudi wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga wa Umoja wa Vijana wa TANU, na safari hii hawakuondoka. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na mwaka 1963 vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichozoeleka kwa herufi tatu, RDA. Mshauri wao alikuwa Mwingereza Ralph Ibbott, aliyewahi kuishi kwenye shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini. Alihamia Litowa na mkewe na watoto wao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, vijiji vya RDA vilikuwa 17.

Kilichoitofautisha Litowa ni mkutano wa wanakijiji. Humo ndimo walimopanga kazi za shamba la pamoja na kukubaliana namna ya kugawana mapato. Bwana shamba angeweza kushauri, lakini wenye kuamua walikuwa wale walioshika jembe. Hata watoto wadogo walitunzwa kwa pamoja mama zao walipokuwa shambani. Wakubwa walisoma katika shule ya Litowa, wengine wakitoka vijiji vingine vya RDA, na humo walilima na kujifunza kuendesha mambo yao kama wazazi wao. Chama kilimiliki pia kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Kwa wakulima waliozoea kuuza mahindi na kuwaachia wengine faida ya unga, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwalimu Nyerere aliijua Litowa na kuipenda. Anayesoma maandishi yake mawili ya mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea na Ujamaa Vijijini, atakuta mambo ambayo watu wa Litowa walikuwa tayari wanayaishi. Alisisitiza humo kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa.

Hata hivyo, uhuru huohuo uliwatia viongozi wengi wasiwasi. Mkoani, watu waliozoea kutoa maagizo walikutana na wakulima wanaouliza sababu. Ndani ya chama tawala wapo walioona hatari katika umoja wa wakulima usiopokea amri kutoka juu. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa shule wakahamishiwa kwingine, na washauri wa kigeni wakaondoka. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa hasara kwa nchi nzima, kwa sababu miaka michache tu baadaye, kuanzia 1973, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini kwa amri, wengine kwa nguvu. Ndiyo ujamaa ambao wengi wanaukumbuka leo, nao haukufanana na ule wa Litowa.

Ibbott aliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 2014. Sauti tunayoihitaji sasa ni ya wenyeji. Watoto waliosoma Litowa katika miaka ya 1960 ni wazee leo. Walimu wa historia wa Ruvuma na wahifadhi wa makumbusho yetu waende wakaketi nao, wawarekodi kwa Kiswahili na kwa Kingoni, na Litowa ipewe chumba chake katika makumbusho ya Songea.