MIFUPA YA ASKOFU NA MIFUPA YA WAPAGAZI



Somo letu leo: Yohana 5:28-29 na 1 Wathesalonike 4:13-18. Fungua Biblia yako usome kwanza.

Sisi watu wa Matungu tunajua uzito wa kaburi. Mtu wetu akifa Nairobi au Mombasa, tunachanga mpaka mwili ufike bomani. Mwili ukikosekana kabisa, ziko familia ambazo huzika shina la mgomba badala yake. Basi mama ambaye binti yake alienda kufanya kazi Uarabuni, akafa na kuzikwa huko huko, ana swali zito: je, Bwana atamwona mtoto wangu kule mchangani?

Mama, nakujibu kwa historia iliyopita hapa jirani, Mumias.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alitoka pwani na msafara mkubwa kuelekea Buganda. Mwezi wa Oktoba akafika kwa Nabongo Mumia. Hapo akaacha sehemu kubwa ya msafara chini ya Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa akakombolewa. Yeye akaendelea na watu wapatao 50. Huko Busoga walikamatwa, na kwa amri ya Kabaka Mwanga wakauawa tarehe 29 Oktoba 1885. Ni wachache tu waliotoroka wakarudi na habari.

Shajara ya askofu iliokoka. Katika maneno yake ya mwisho aliandika kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Isome leo usiku, uone mtu anayeumwa na kufungwa alishika nini.

Mchungaji Jones aliwarudisha waliobaki mpaka Rabai, wakafika Februari 1886. Juu ya bendera yao ya huzuni waliandika neno moja: Ikabodi, lile la 1 Samweli 4:21. Utukufu umeondoka. Hivyo ndivyo msiba unavyoonekana ukiutazama kwa macho ya kibinadamu.

Baadaye mifupa ya askofu ililetwa Mumias ikazikwa. Mwaka 1892 Askofu Alfred Tucker aliifukua, ikabebwa hadi Namirembe, Kampala, na tarehe 31 Desemba ikazikwa kwa heshima. Kabaka Mwanga mwenyewe, yule yule aliyetoa amri, alikuwepo mazishini!

Sasa nisikilize vizuri, mtu wa Mungu. Mifupa ya askofu ilizikwa, ikafukuliwa, ikazikwa tena. Na wale wapagazi je? Walitembea njia ile ile, wakabeba mizigo, wakachomwa mikuki siku ile ile. Hakuna aliyebeba mifupa yao kuipeleka Namirembe. Wengi wao hata majina hatuna. Kila mmoja alikuwa na mama aliyengoja.

Biblia inayo mambo haya mawili. Yusufu aliapisha ndugu zake wabebe mifupa yake, na ikazikwa Shekemu (Mwanzo 50:25, Yoshua 24:32). Lakini kaburi la Musa hakuna mtu anayelijua (Kumbukumbu 34:6). Je, Musa alipotea? Hapana! Mathayo 17:3 inamwonyesha mlimani akizungumza na Yesu. Kaburi lisilojulikana kwa Israeli lilijulikana kwa Mungu.

Ahadi ya ufufuo haijajengwa juu ya simenti ya kaburi. Imejengwa juu ya Kristo aliyetoka kaburini siku ya tatu (1 Wakorintho 15:20). Neno la Kiyunani kwa ufufuo, anastasis, maana yake ni kusimama tena. Aliyelazwa atasimama, mwili na roho. Ufunuo 20:13 inasema hata bahari itatoa wafu wake. Kama bahari itatii, mchanga wa Uarabuni utakataa?

Lakini Yohana 5 inasema wote walio makaburini wataisikia sauti yake, wengine kwa uzima na wengine kwa hukumu. Kwa hiyo usilale ukiwaza utazikwa wapi. Jiulize utafia ndani ya nani. Leta mwili wa mpendwa wako nyumbani ukiweza, ni heshima. Ila usiuze shamba la watoto yatima kwa hofu kwamba Mungu hatampata aliyezikwa mbali.

Ikabodi haikuwa neno la mwisho. Leo kuna makanisa kuanzia Mumias hadi Namirembe, na wewe unayesoma ni sehemu ya jibu hilo.

Tuombe: Baba, wafariji wote wasio na kaburi la kutembelea. Wape tumaini lililo hai. Na asiyekupokea bado, leo afungue moyo. Katika jina la Yesu.

Kama unaamini ufufuo, andika AMINA, kisha mtumie ujumbe huu mtu mmoja aliyefiwa.