Tumbo Likikataa Kitunguu: Namna ya Kupika Chakula Chenye Ladha

Kwetu Pwani, mtu akikataa mahamri na mbaazi za nazi huambiwa anaringa. Kumbe huenda ni tumbo lake lisilostahimili: akila hujaa gesi, humsokota, na pengine humwendesha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamechunguza sana sukari zinazoleta taabu hii, zinazoitwa kwa pamoja FODMAP. Utumbo mwembamba hauzifyonzi vyema. Huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa gesi.

Zimo kwa wingi katika kitunguu maji, kitunguu thomu, ngano, mbaazi, kunde, maziwa ya ng'ombe, embe na tikiti maji. Wali, viazi, samaki, kuku, mayai na biringani kwa kawaida havisumbui.

Sasa mchuzi bila kitunguu utakuwa na ladha gani? Njia zipo:

- Thomu: sukari zake huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Kaanga punje nzima kwa moto mdogo hadi zinukie, kisha zitoe zote kabla ya kutia nyanya au maji. Harufu itabaki kwenye mafuta.
- Majani ya kitunguu: tumia sehemu ya kijani tu, ile nyeupe iache.
- Mvuje: ndio huu huu tunaowafunga watoto wachanga. Chembe ndogo ndani ya mafuta ya moto hutoa ladha iliyo karibu na kitunguu.
- Tangawizi, manjano, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, ndimu na kotmiri hazina neno. Bizari za pakiti zisome kwanza, nyingi hutiwa unga wa thomu.

Kwa mchuzi wa samaki, tayarisha mafuta ya thomu, tia tangawizi, manjano na nyanya moja. Ikiiva tia maji, chumvi na samaki. Malizia kwa tui kidogo, ndimu na majani ya kitunguu. Tui likizidi, nalo husumbua.

Muone daktari kabla ya kuanza, hasa ukiona damu chooni au unakonda bila sababu. Vyakula hivi haviachwi maisha: ni wiki 2 hadi 6, kisha hurudishwa kimoja kimoja ili ujue kipi hasa kinachokudhuru.

Na wewe mwenyeji, mgeni akikuomba wali mkavu na samaki wa kukaanga, usimlazimishe biriani. Hajadharau mkono wako.