Dhoruba na joto la Juni 2012, Marekani

Mafuriko, dhoruba na joto kali viliikumba Marekani katika nusu ya pili ya Juni 2012, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kinaanza. Tarehe 19 na 20, mvua ya milimita 250 hivi iligharikisha mji wa Duluth, Minnesota. Sili mmoja wa bustani ya wanyama alichukuliwa na maji, akakutwa usiku katikati ya barabara ya lami. Siku chache baadaye dhoruba ya tropiki Debby ilijikokota hadi Florida na kumwaga zaidi ya milimita 700 katika baadhi ya maeneo.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 29. Derecho, yaani safu ndefu ya mawingu ya radi inayosukuma upepo mkali mbele yake kwa mstari ulionyooka, iliimarika karibu na Chicago mchana na kufika Atlantiki usiku huohuo. Joto lenyewe ndilo lililoilisha: Washington ilifikia nyuzi 40 za Selsiasi. Miti iliangukia nyaya, na wateja zaidi ya milioni 4 wakakosa umeme. Upepo uliua watu 13. Joto la siku zilizofuata, ndani ya nyumba zisizo na feni wala kiyoyozi kinachofanya kazi, liliua wengi zaidi.