Kwani askofu ni nani?

Tembea tao siku moja ukisoma mabango ya krusedi. Mtu mmoja ni Askofu Mkuu, tena Nabii, tena Daktari. Picha yenyewe inakosa nafasi. Mi nikaamua kufuata hilo neno la kwanza nijue limetoka wapi.

Waswahili walilitoa kwa Kiarabu, usquf. Waarabu nao, ukirudi nyuma, unafika kwa Wagiriki: episkopos. Epi ni juu, skopos ni mtu wa kuangalia. Mwangalizi, basi. Na halikuanza kanisani. Karne ya 5 kabla ya Kristo, mji wa Athene ulikuwa unatuma episkopoi kukagua miji iliyokuwa chini yake. Yaani inspekta wa serikali.

Sasa toa Biblia ya Union Version. Kwa Matendo 20:28 Paulo anaongea na wazee wa kanisa la Efeso, anawaita waangalizi. Ukienda 1 Timotheo 3, unapata askofu. Kwa Kigiriki ni neno lile lile! Watafsiri ndio walichagua mawili, na sisi tukaishia kudhani moja ni kazi na lingine ni ukubwa. Halafu cheki, Efeso ilikuwa na waangalizi wengi, si bosi mmoja. Askofu mmoja juu ya wote tunamwona wazi mwanzo wa karne ya 2, kwa barua za Ignatius wa Antiokia. Karne ya 4 Kaisari Konstantino akawapa maaskofu hadi nguvu ya kuamua kesi, na hapo cheo kikanona.

Lakini maana ya zamani haikufa, hata hapa kwetu. Alexander Muge alikuwa askofu Mwanglikana wa Eldoret enzi za chama kimoja, wakati watu wengi walinyamaza. Yeye aliangalia, akaona ardhi ikinyakuliwa, akasema. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda, akahubiri. Tarehe 14, akiwa njiani kurudi Eldoret, gari lake likagongana na lori, akafa. Alikuwa amemjibu yule waziri kwamba ataenda tu.

Waziri alijiuzulu.