Jina lako, dau la mshindani: Fahamu sheria za alama za biashara katika matangazo ya Google

Na Mwandishi Wetu

MTALII wa Ulaya anayetaka kupanda Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, haanzii safari yake Katesh. Huanzia Google, ambako huandika jina la kampuni ya utalii aliyoelekezwa na rafiki yake.

Hapo ndipo mwenye kampuni anapoweza kumpoteza mteja. Juu kabisa ya majibu huweza kutokea tangazo la kampuni nyingine, iliyolipia ionekane kila jina hilo linapotafutwa. Je, jambo hilo ni halali?

Mnada wa maneno

Google ilianzisha huduma hiyo ya matangazo mwaka 2000 kwa jina la AdWords, na tangu mwaka 2018 inaitwa Google Ads. Mtangazaji huchagua maneno na kuyawekea dau. Mtu anapoyatafuta, mnada hufanyika papo hapo, na nafasi hutegemea dau pamoja na ubora wa tangazo.

Kwa kanuni za Google, mshindani anaweza kuweka dau kwa jina lako hata kama ni alama iliyosajiliwa. Kinachoweza kuzuiwa, mwenye alama akilalamika, ni jina hilo kuandikwa ndani ya tangazo. Hata hivyo, wauzaji wa bidhaa halisi zenye alama hiyo na tovuti za taarifa huweza kuruhusiwa kulitaja.

Mahakama zilivyoamua

Machi 23, 2010, katika shauri kati ya Google na Louis Vuitton, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Google yenyewe haivunji haki ya alama kwa kuuza maneno. Mtangazaji ndiye anayeweza kuwajibika, iwapo tangazo linamfanya msomaji wa kawaida ashindwe kutambua, au atambue kwa shida, bidhaa ni ya nani.

Mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilikataa dai la kampuni ya uzio ya Cochrane dhidi ya mshindani aliyelipia neno "ClearVu". Neno hilo halikuonekana katika tangazo, hivyo wateja hawakuelekea kuchanganywa.

Hali ya hapa nchini

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili hufanywa na BRELA. Alama hulindwa kwa miaka 7, kisha huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina usajili wake.

Wengi hukosea hapa. Msindikaji wa vitunguu swaumu wa Mbulu aliyesajili jina la biashara pekee hajasajili alama ya biashara. Hizo ni sajili mbili tofauti, na malalamiko kwa Google huhitaji alama.

Aidha, alama sharti itofautishe bidhaa za mtu mmoja na za wengine. Neno "Hanang" peke yake ni jina la mlima na wilaya; ni vigumu mmoja kulihodhi.

Kwa hiyo, mfanyabiashara achague jina la pekee, alisajili kama alama, kisha alitafute mwenyewe mara kwa mara. Akikuta tangazo la mshindani linalotaja jina lake, ahifadhi picha yake na tarehe kabla ya kulalamika.