Bunduki na Umri wa Anayeishika: Fundisho la Uganda na Kongo

Dola nyingi huweka katika sheria umri ambao chini yake mtu haruhusiwi kushika bunduki. Sababu yake ni bayana. Risasi ikishatoka hairudi, na anayeifyatua hana budi awe na akili pevu ya kuipima amri aliyopewa na kujibu kwa tendo lake. Historia ya Uganda na Kongo, nchi mbili jirani za Tanzania, yaonyesha yatokeayo kanuni hiyo inapowekwa kando kwa kisingizio cha vita.

Nchini Uganda, vita vya msituni vya jeshi la NRA vilianza Februari 1981. Huko Luwero watoto wengi walifiwa na wazazi, wakawafuata wapiganaji porini. NRA ilipoiteka Kampala Januari 1986, walimwengu walishangaa kuona watoto wamebeba bunduki. Waliitwa kadogo, kwa Kiswahili, lugha iliyotumika jeshini humo. Viongozi wao walijitetea kwamba yatima hao hawakuwa na pa kwenda. Lakini kumhifadhi yatima ni jambo moja, na kumkabidhi bunduki ni jambo jingine.

Miaka 10 baadaye jina hilo lilisikika ng'ambo ya mpaka. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalianza vita mashariki ya Zaire mwaka 1996, na makadogo walikuwamo katika safu zilizoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Ushindi ule haukuwarudisha wote shuleni. Vita vipya vilipozuka mwaka 1998, pande mbalimbali ziliwatumia watoto tena.

Sheria nazo zilikuwa zikibadilika. Itifaki za Geneva za mwaka 1977 ziliweka kikomo cha miaka 15. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ikataka asiyetimiza miaka 18 asipelekwe mstari wa mbele. Mwaka huo huo Kabila alitoa amri ya kuwatoa watoto jeshini. Uganda iliandika miaka 18 katika Sheria ya Jeshi ya mwaka 2005, na Kongo ikakataza mwaka 2009 kuwaandikisha watoto katika jeshi na polisi.

Hata hivyo, sheria haina mikono. Makundi yenye silaha ya mashariki ya Kongo yaliendelea kuwachukua watoto. Ndipo tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague, ilipomtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Kizimbani alisimama kamanda, si mtoto. Mahakama hiyo haina mamlaka juu ya mtu aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa kila mwanajeshi na askari polisi. Mlinzi wa kwanza wa sheria ya umri ni afisa anayeandikisha kuruta na mtunza ghala anayetoa silaha. Amri ya kumpa mtoto bunduki si amri halali, na aitekelezaye hujitwika mzigo wake. Naye askari akutanaye na mtoto mwenye silaha amnyang'anye silaha hiyo, kisha akumbuke kumtafuta mtu mzima aliyempa.