Sekenke: Dhahabu Iliyokwenda Bila Jina

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Nzega, kuna mahali abiria hukatisha maongezi. Ni mlima Sekenke. Dereva anapunguza mwendo, watu wanashika viti, na wenye kusali wanasali. Mkishafika chini kwenye mbuga ya Wembere, soga zinaanza upya. Kwa wengi wetu Sekenke ni jina la kona mbaya, basi. Na mimi nilijua hivyo, mpaka nilipoona picha ya sarafu moja ya dhahabu.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1909 Wajerumani walifungua mgodi Sekenke, huko Iramba, nao ukawa mgodi mkuu wa dhahabu katika koloni lao lote. Vibarua walipatikanaje? Tangu 1905 kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya rupia 3 taslimu. Si mtama, si kuku. Hela! Asiye na kitu cha kuuza angeipata wapi, kama si kwa kuuza mikono yake? Mtego ulikuwa huo, shambani na shimoni.

Vita ikaja 1914. Uingereza ikafunga bahari, fedha kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Serikali ikachapa noti zake humuhumu, lakini watu hawakuziamini. Karatasi tu, ya nini? Basi mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, wakaanza kufua fedha wenyewe: heller za shaba kwa matumizi madogo, na kwa dhahabu ya Sekenke, sarafu ya rupia 15. Zilifuliwa 16,000 na ushei, kila moja gramu 7 hivi, robo tatu yake dhahabu tupu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Piga hesabu, msomaji. Rupia 15 ni kodi ya mtu mmoja kwa miaka mitano. Miaka mitano ya jasho, na unaifumba kiganjani!

Sasa itazame sarafu yenyewe. Upande mmoja kuna tai wa Kaiza na jina la koloni. Upande wa pili kuna tembo kainua mkonga, na herufi T ya Tabora. Nyuma ya tembo kuna mlima. Eti ni Kilimanjaro! Sekenke haimo. Mchimbaji ndiyo kabisa, hata kivuli chake hakipo.

Waingereza nao walichimba, wakaacha, wakachimba tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uchimbaji mkubwa ukakoma. Tangu 1934 bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi, wakati gharama zinapanda kila mwaka. Geita nayo ikafungwa 1966. Na mji wa mgodi haufi kama kijiji cha wakulima. Mkulima ana shamba la kumbakiza. Kibarua wa mgodi, mashine ikinyamaza, anafunga mzigo, muuza duka anamfuata, mabati yanaezuliwa, vichaka vinarudi.

Sekenke haikufa moja kwa moja. Wachimbaji wadogo wamerudi na moko na nyundo zao, karasha na zebaki, wakifuata mwamba uleule. Bado jasho, bado kubahatisha.

Sarafu zile sasa ziko ng'ambo, wakusanyaji wanazigombea mnadani kwa bei inayopita mbali dhahabu iliyomo. Kila moja inahifadhiwa kama yai. Habari za waliozichimba nani anazihifadhi? Wajukuu wao nao ni wazee sasa. Kijana mwenzangu, ukipita tena mlimani pale, ukiona mzee wa Iramba kakaa kando yako, usisinzie. Muulize babu yake alikuwa nani, na uandike jina.